Mtoto wa Ndugu Aliye Ng'ambo ya Mpaka

Maneno ya Mwalimu Katekista mbele ya Wakristo na Walimu, siku ya Jubilei



Nimeagizwa kusema nanyi juu ya mtoto wa ndugu aliyebaki katika nchi tuliyotoka. Jambo hili latuhusu sana. Wazee wetu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakapokewa Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Na tangu mwaka 2014 watu zaidi ya 162,000 miongoni mwetu walipewa hati za uraia wa Tanzania. Basi tu watu wa nchi hii. Lakini ndugu zetu wengine wako ng'ambo ya mpaka, na watoto wao wakifiwa, macho yao hutuelekea sisi.

Kitabu cha Esta chatupa mfano. Mordekai alikuwa mtu wa uhamishoni; naye alimtwaa Esta, binti wa ndugu ya baba yake, alipofiwa na wazazi, akamlea kuwa mwanawe. Hata binti alipochukuliwa nyumbani mwa mfalme, Mordekai alipita kila siku mbele ya ua apate kujua hali yake. Kumtwaa mtoto ni kazi ya siku moja. Kumwulizia hali ni kazi ya kila siku.

Mimi nalishindwa katika jambo hili, wala si vema nifiche. Dada yangu, aliyerudi Burundi pamoja na mumewe, alifariki mwaka 2016. Mumewe alikuwa amekwisha kutangulia. Nalivuka mpaka pale Manyovu, nikamleta binti yao wa miaka saba, nami sina hati ila barua ya bibi yake. Nalisema moyoni, Damu yetu ni moja, karatasi za nini? Jioni watoto wangu walipokaa kusoma, yeye alikuwa kisimani au jikoni. Hakuna aliyempiga, wala aliyemnyima chakula. Kwa hiyo nalijiona mwema. Usiku mmoja, akiniletea maji ya kunawa, aliniuliza, "Marume, mimi nitakuwa mgeni hapa hata lini?" Sikuwa na neno la kumjibu. Nami kwa miaka mingi nalikuwa nikifundisha ya kuwa kwa Ubatizo tumefanywa wana wa Mungu, si watumwa!

Kesho yake mke wangu aligawa kazi za nyumbani upya, wavulana nao wakapewa zamu ya jikoni. Kisha nikaanza kutafuta hati. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba atakaye kuasili mtoto apeleke maombi Mahakama Kuu, na idhini ya wazazi au walezi hutakiwa. Afisa wa Ustawi wa Jamii naye huchunguza hali ya nyumba. Amri ikitolewa, mtoto huyo huwa kama aliyezaliwa nawe, hata katika urithi. Na atokaye nchi nyingine, hati zake za kuzaliwa na ruhusa ya nchi yake zahitajiwa pia. Msione kwamba huo ni usumbufu mtupu. Wako watu wachukuao watoto wa ndugu kwa jina la kulea, wakawafanya watumishi wasio na mshahara. Sheria huuliza ili mtoto asipotee.

Tena, si kila yatima avushwe. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, waweka kuasili mtoto wa nchi nyingine kuwa njia ya mwisho. Kwanza tuulize: Je, bibi yake aweza kumlea tukimsaidia karo na chakula? Na mtoto mwenyewe asemaje? Akija, tusimfute jina la baba yake, wala lugha ya bibi yake.

Nanyi walimu, mkimwona mtoto asinziaye darasani kila siku, msikimbilie fimbo. Ulizeni analala saa ngapi, na katika nyumba ya nani.

Shauri letu lingali mbele ya Mahakama. Lakini sasa jioni binti huyo huketi mezani na kitabu chake, na maji ya kunawa nayachota mwenyewe.

Mungu awalinde watoto wote walio mbali na kwao. Amina.