SERIKALI YA MSETO NA VITI VYA MAWAZIRI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sagalla



Twawashukuru kwa kuja hapa Sagalla katika siku yenu ya mapumziko. Wengine mmetoka Voi mjini, wengine katika mashamba ya katani, na wengine katika hoteli za mbugani ambako mapumziko ni shida kupatikana. Tumeombwa tueleze jinsi serikali ya mseto inavyogawa viti vya mawaziri.

Mmetuomba kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu Julai 2024, Rais William Ruto alipoingiza watu wa ODM katika baraza lake la mawaziri, kumekuwa na ubishi mwingi kazini juu ya nani amepata nini. Ya pili, tawi letu li karibu kuchagua kamati, na limetolewa shauri kwamba viti viongezwe kutoka 9 hadi 17 ili pande mbili zilizoko ziridhike. Mambo haya mawili ni jambo moja, kwa hiyo tutayasema pamoja.

Ndugu wanachama, mseto wote twaujua. Ni mchele na pojo katika chungu kimoja. Hapana ubaya katika kuchanganya. Ubaya huja wapishi wanapokuwa wawili na kila mmoja akatia chumvi yake, au kila mmoja akadhani mwenziwe amekwisha tia.

Nchi yetu ilipika mseto kabla ya Uhuru. Baada ya mkutano wa London wa mwaka 1962, KANU na KADU ziliingia katika serikali moja. Bwana Jomo Kenyatta wa KANU akawa Waziri wa Nchi wa Mambo ya Katiba na Mipango ya Uchumi. Bwana Ronald Ngala wa KADU akawa Waziri wa Nchi wa Mambo ya Katiba na Utawala. Tazameni vizuri. Mambo ya Katiba yalikuwa na mawaziri wawili, kwa sababu hapana chama kilichokubali kumwachia mwenziwe kazi hiyo peke yake.

Lakini Wizara ya Kazi haikukatwa vipande. Alipewa Bwana Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kenya. Mwezi wa Oktoba 1962 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini. Kazi ilikuwa moja, na waliokuwa na shida walijua mlango wa kubisha.

Mseto wa pili ulikuja kwa machozi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na malaki wakafukuzwa makwao. Tarehe 28 Februari 2008 Rais Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga walitia sahihi mapatano mbele ya Bwana Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania. Mapatano yale yalisema viti vigawanywe kwa kufuata nguvu ya kila upande Bungeni. Mwezi wa Aprili baraza likatangazwa: mawaziri 40, na mawaziri wasaidizi wapatao 50. Bunge zima lilikuwa na watu 222. Maana yake, katika kila wabunge kumi, wanne walikuwa serikalini. Waliobaki kuiuliza Serikali maswali walipungua, na gharama za magari, ofisi na walinzi zililipwa kwa kodi ya wananchi, ndiyo yetu sisi na nyinyi.

Viti 40 vilipatikanaje? Vilipatikana kwa kukata wizara. Afya ilikuwa wizara moja, ikawa mbili: Huduma za Matibabu chini ya Profesa Anyang' Nyong'o wa ODM, na Afya ya Umma na Usafi chini ya Bibi Beth Mugo wa PNU. Barabara zilikuwa na waziri wake, Ujenzi wa Umma waziri wake, na Uchukuzi waziri wake.

Tulete jambo hili hapa kwetu. Tembo akitoka Tsavo usiku akaingia shambani Sagalla, ni shauri la nani? Tembo mwenyewe alikuwa wa Wizara ya Misitu na Wanyamapori ya Daktari Noah Wekesa. Mgeni anayelipa fedha kumtazama tembo huyo alikuwa wa Wizara ya Utalii ya Bwana Najib Balala. Mahindi aliyoyala yalikuwa ya Wizara ya Kilimo ya Bwana William Ruto. Maji aliyoyafuata yalikuwa ya Bibi Charity Ngilu. Na posho ya njaa baada ya mahindi kuliwa ilikuwa ya Mipango Maalum ya Daktari Naomi Shaban, Mbunge wa Taveta. Tembo mmoja, mawaziri watano. Mwenye shamba angekwenda kwa yupi?

Mtasema: lakini watu wetu walikuwamo. Ni kweli. Daktari Shaban alikuwa waziri kamili, na Bwana Calist Mwatela wa Mwatate alikuwa Waziri Msaidizi wa Elimu. Mwezi wa Machi 2012 Bwana Balala aliondolewa, na Bwana Dan Mwazo, Mbunge wetu wa Voi, akapewa Utalii. Tulifurahi, na furaha ile haikuwa dhambi. Lakini hatukuuliza ni kazi gani aliyopewa. Mgeni wa mbugani alikuwa wake. Tembo alikuwa bado wa wizara nyingine. Kumpata mtu wetu kitini si sawa na kupata mtu mwenye amri juu ya shida yetu.

Tena kulikuwa na shida ya nani aweza kumwondoa waziri. Kwa mapatano yale waziri hakuondolewa ila viongozi wawili wakubaliane. Mwezi wa Februari 2010 Waziri Mkuu alitangaza kuwasimamisha mawaziri wawili kwa miezi mitatu, kwa sababu ya tuhuma za mahindi na za fedha za shule. Siku hiyo hiyo Rais alisema kwamba mawaziri hao wataendelea na kazi. Mfanyakazi aliyekuwa akinunua unga kwa bei ya juu alibaki akitazama.

Hata hivyo, tusiwe watu wa kusema upande mmoja. Mseto wa 2008 ulizima moto. Hapana kiti kilicho ghali kuliko roho za watu. Tena ni chini ya serikali hiyo hiyo tulipopata Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, nayo ilijifunza kutokana na makosa haya. Inasema mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, wasiwe wabunge, na wahojiwe na Bunge la Taifa kabla ya kuapishwa. Mawaziri wasaidizi wakafutwa. Mwezi wa Machi 2023 watu 50 walipoteuliwa kuwa wasaidizi wa mawaziri kwa jina jipya, Mahakama Kuu ilisema mwezi wa Julai kwamba jambo hilo linavunja Katiba.

Ndiyo maana mwaka 2024 viti havikuongezwa kama mwaka 2008. Bwana John Mbadi alipewa Hazina, Bwana Opiyo Wandayi Kawi, Bwana Wycliffe Oparanya Ushirika, na Bwana Hassan Joho Madini. Kwetu sisi wa Taita Taveta, penye machimbo ya vito, swali si Joho ni wa chama gani. Swali ni hili: mchimbaji mdogo akinyimwa haki yake, nani atakayejibu?

Sasa turudi nyumbani. Kuna jambo ambalo sisi wa kamati hatuna budi kulikiri. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliumia mkono kazini. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yatoa miezi 12 ya kupeleka dai. Karatasi zake zilipokelewa na watu wawili wa kamati, kwa kuwa ili kuridhisha pande mbili tulikuwa tumeweka wawili katika kazi ya mashauri. Huyu alidhani yule amezipeleka, na yule alidhani huyu. Mke wa mwenzetu ndiye aliyekuja kuuliza, zikiwa zimebaki siku 11. Karatasi zilifika, lakini kwa bahati. Mwajiri hakuwa na kosa katika kuchelewa huko. Kosa lilikuwa letu.

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwa hiyo twapinga viti 17. Pande mbili zikitaka kugawana, zigawane hivi 9, tena kwa heshima. Lakini kazi moja isikatwe ili mtu apate kiti. Kila kazi iandikwe, na jina la mtu mmoja liandikwe mbele yake: wa fedha huyu, wa mashauri huyu, wa majeruhi huyu. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani pale kila mwanachama apitapo. Naye akishindwa, mkutano uwe na uwezo wa kumwondoa bila kungoja ruhusa ya upande wake.

Siku ya kura msituulize sisi tu wa upande gani. Tuulizeni tutafanya kazi gani, na tusipoifanya mtamwuliza nani. Hilo ndilo swali wananchi walilopaswa kuuliza mwaka 2008, na ndilo la kuuliza kila baraza linapotangazwa.

Umoja ni nguvu.