Mbili Isiyo ya Kitu Chochote



Mwalimu Mkuu amenieleza kuwa wanaoomba kusoma hisabati Kidato cha Tano wanazidi kupungua, na kwamba wakiulizwa sababu hujibu, "Itanisaidia nini?" Ameniomba niwajibu, kwa kuwa nafanya kazi ya makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali. Huenda alitaraji niyasifu makadirio. Sitafanya hivyo.

Tazameni kwanza lugha yetu. Twasema watu wawili, viti viwili, mayai mawili. Neno hubadilika kufuata kitu. Lakini mtoto anapohesabu tu husema moja, mbili, tatu. Mbili ya nini? Si ya kitu chochote. Hakuna aliyepata kuiona wala kuishika. Nikifuta alama ya 2 ubaoni, mbili yenyewe haifutiki. Iko hisabati inayochunguza hiyo tu, bila kupima shamba wala kugawa mishahara.

Chukueni namba tasa, zile zinazozidi 1 na zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11. (Jina hilo limewaonea, maana namba nyingine zote zinazozidi 1 hupatikana kwa kuzidisha hizo!) Je, zina mwisho? Euclid, aliyeandika kwa Kigiriki miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, alionyesha kuwa hazina. Tuseme mtu anadai ameziorodhesha zote. Tuzizidishe, kisha tuongeze 1. Jibu ukiligawa kwa yoyote iliyomo katika orodha, hubaki 1. Basi ama jibu lenyewe ni tasa, ama lagawanyika kwa tasa isiyomo. Zidisheni 2, 3, 5, 7, 11 na 13, mwongeze 1: mtapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509. Zote mbili hazimo! Makadirio yangu hurekebishwa kila mwaka. Hoja hii haijarekebishwa.

Wapo watakaodai faida, nayo ipo. G. H. Hardy wa Cambridge aliandika mwaka 1940 kwamba kazi yake katika hisabati ya namna hii haikuwa na manufaa, wala hakuona haya. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, huko Marekani, wakatunga njia ya kuficha siri kwa namba tasa kubwa, kwani kuzizidisha mbili ni rahisi, lakini kuzitambua tena kutoka katika jibu ni kazi ngumu mno. Njia hiyo imelinda mawasiliano ya mabenki. Hata hivyo, anayengoja kuhakikishiwa benki ndipo afungue daftari, angeondoka kabla Euclid hajafika kwenye ile 1 ya kuongeza.

Liko swali lililotokana na barua ya Goldbach ya mwaka 1742: je, kila namba shufwa inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili? 8 ni 3 na 5. 20 ni 7 na 13. Hakuna aliyethibitisha wala kukanusha. Nimeliandika ubaoni katika chumba cha Kidato cha Nne, na mwalimu wa zamu amekubali lisifutwe hadi Jumatatu.