Mpangaji wa Chumba cha Nne

Asubuhi hii twapenda kuzungumza nanyi habari za ploti, neno ambalo huku Eastlands hata mtoto wa nasari alijua. Somo letu latoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8. Musa anawaonya watu waliotoka jangwani kwamba hatari yao itakuja siku watakapokuwa wameshajenga nyumba nzuri na kukaa ndani yake.

Wazazi wetu wengi walipofika Nairobi hawakuwa na nyumba. Wakati wa ukoloni Mwafrika alihesabiwa mgeni wa mji, kipande shingoni, na wengi walikodi nafasi ya kitanda tu. Uhuru ulipokuja 1963 kupanga hakukwisha. Ndipo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975, Serikali na Baraza la Jiji wakaanzisha mradi wa Dandora, ploti 6,000 mashariki mwa mji. Waombaji walizidi ploti, ikabidi kura ipigwe. Tena aliyepata hakupewa nyumba. Katika ploti nyingi alikuta choo, bafu na mfereji wa maji, basi. Vyumba alijijengea. Mkopo wa vifaa ulikuwapo, lakini wengi haukuwatosha, wakaunda vikundi na kuchanga kila mwezi, leo chumba cha huyu, kesho cha yule. Mtu alihamia chumba kisicho na mlango, akatundika gunia, akamshukuru Mungu, kwa maana gunia lile lilikuwa langoni pake mwenyewe.

Wengine duniani waliipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1862 Marekani ilitoa sheria kwamba mtu aweza kupata ekari 160 za nyika kwa ada ndogo, mradi akae juu yake miaka mitano na kuilima. Wajerumani wengi walikwenda. Mwaka 1874 wakafika Kansas Wamennonite wenye kusema Kijerumani, waliotoka Urusi wasije wakalazimishwa uaskari kinyume cha imani yao. Wengi wao walinunua ardhi kwa kampuni ya reli. Miti haikuwapo katika nyika ile, hata walowezi wengi wakakata udongo pamoja na mizizi ya majani, wakaupanga kama matofali. Kazi kweli kweli! Lakini mwaka mmoja tu kabla, 1873, watu wa Kaw, ambao Kansas imeitwa kwa jina lao, walikuwa wamehamishwa kutoka jimbo lile lile. Hatuwasemi wahamiaji hao kwa ubaya. Walikuwa watu wa sala, nao walijua kukimbia ni nini. Twajiuliza tu kama walipokuwa wakishukuru kwa mavuno ya ngano waliwakumbuka wale waliotangulia kukaa hapo.

Sasa turudi kwetu. Wenye ploti wengi Dandora walijenga vyumba zaidi, wakapangisha, na kodi ikasomesha watoto. Si dhambi hiyo. Mama mmoja mzee wa kanisa letu, mjane, ana vyumba vinne. Kodi ndiyo inayomnunulia dawa ya presha. Mpangaji wa chumba cha nne aliachishwa kazi Industrial Area, akakosa kulipa miezi mitatu. Mwana wa mama akatia kufuli mlangoni. Sare za shule za watoto zilikuwa ndani, na sufuria, na hata kitambulisho cha baba yao.

Hapa yatupasa kuungama. Yule kijana alipotujia tulimwunga mkono. Tulisema deni ni deni. Labda ni kwa sababu yeye huchangia sana jengo letu la kanisa, na tulikuwa tukingoja mabati. Wachungaji nasi tuna kufuli zetu.

Mama alisikia siku ya pili. Hakuja kwetu kutaka ushauri, na tunamshukuru kwa hilo. Alimwita mwanawe, akamwonyesha ile kona ya uani penye choo na bafu, akamwambia, "Hapa ndipo tulipoanzia. Baba yako na mimi tulitoka Bahati tukiwa tumefungiwa mlango, na wewe mgongoni. Ulikuwa na homa." Kijana hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Alidhani familia yake ilikuwa na ploti siku zote.

Kufuli likatolewa. Msidhani mambo yakawa mepesi. Mama hakufuta deni, wala hawezi kulifuta, maana dawa hainunuliwi kwa huruma. Walikubaliana mpangaji alipe kidogo kidogo, na mkewe afue nguo za mama kwa hesabu. Mwezi ule mama alipunguza dawa, jambo ambalo tulipolijua lilitutia aibu, tukatoa kwenye mfuko wa wahitaji kile ambacho tungalipaswa kutoa mwanzoni. Mwanawe bado hajafurahi. Husema nyumba haijengwi na wasiolipa, na hesabu yake si ya kipumbavu.

Jumapili iliyopita tulipita pale baada ya ibada. Mpangaji amepata kibarua cha kupakia mizigo sokoni Wakulima. Alimkabidhi mama shilingi mia tano, mama akazihesabu mara mbili, akavaa miwani, akaandika katika daftari, kisha akamwuliza kama yule mdogo amepona kikohozi.