Kovu la Moto Linapokaza Kiungo

Msikilizaji wa Idsowe, Garsen na Tana Delta yote, leo tunazungumzia kovu la moto linalokaza kiungo.

Mtoto akiungua kwa uji au moto wa mafiga, na kidonda kikaingia ndani, kovu huweza kujivuta. Kiwiko hukunjika, vidole hushikana, kidevu huvutwa kifuani. Si uchawi wala mkosi. Ni kovu linalojikaza kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka.

Daktari wa upasuaji hulikata kovu ili kiungo kiachie, kisha hupandikiza ngozi iliyotolewa kwingine, mara nyingi pajani. Baadaye kiungo huvalishwa gango, na mazoezi ni ya kila siku. Ukiyaacha, kiungo huweza kukaza tena.

Na aliyeungua sasa hivi, mwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala unga. Mpeleke kituo cha afya.

Mzazi, mwanao mwenye kovu la zamani usimfiche nyumbani. Nenda zahanati, uulize kuhusu rufaa ya kwenda hospitali ya Hola au ya Coast General, Mombasa. Na jiandikishe kwenye bima ya afya ya SHA mapema, kabla ya kuugua.