Namba 200 Inapogeuka Kuwa 8



Hapa studioni kila ripoti ina nafasi yake: hii dakika nne, ile dakika moja na nusu. Fundi mitambo akiiweka ripoti ya dakika nne mahali pa dakika moja, sauti itakatika, nawe utalitambua kosa papo hapo na pengine kutuandikia barua kali. Ndani ya chipu ya kompyuta, namba iliyowekwa mahali pasipoitosha nayo hukatwa, ila hakuna anayeisikia.

Chipu za leo hazichorwi waya kwa waya. Mhandisi huieleza saketi yake kwa lugha maalumu, kisha programu iitwayo kompaila huyageuza maandishi hayo kuwa mpango wa saketi. Miongoni mwa lugha hizo ni VHDL, iliyoanzishwa kwa agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kupewa kiwango rasmi mwaka 1987, na Chisel, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutangazwa mwaka 2012. Kompaila ikikosea, mhandisi aliyeandika sawasawa hupata saketi mbovu, na kilichokwisha kuchongwa kwenye silikoni hakifutiki.

Kosa hupenda kujificha kwenye safu, yaani orodha ya namba iliyo mfano wa kabati lenye visanduku. Katika saketi kila biti ni waya, na waya hula nafasi na umeme. Ndiyo maana mhandisi hutamani kisanduku cha kwanza kiwe na biti 4, cha pili 8 na cha tatu 12. Lugha hazikubaliani juu ya jambo hili. VHDL ya mwaka 2008 iliruhusu ukubwa wa visanduku uachwe wazi na kuamuliwa baadaye, lakini ndani ya safu moja lazima vyote vilingane. Chisel inayo safu ya kawaida yenye visanduku sawa, na nyingine mahsusi kwa vilivyo tofauti.

Sasa tuchukulie kwamba kompaila, kwa kosa la mtungaji wake, inavipa visanduku vyote ukubwa wa kile cha kwanza. Mjaribuji anaweka 5 katika kisanduku cha pili, na 5 inatoka. Anaridhika, anakwenda kunywa chai. Laiti angeweka 200! Kwa biti, namba hiyo ni 11001000. Zikibaki nne za mwisho, 1000, jibu ni 8. Namba 15 ingepita salama, na 16 ingegeuka sifuri.

Kwa hiyo jaribio la maana hupiga hodi mipakani: 15 na 16, 255 na 256. Tena hugeuza mpangilio, kwani kikubwa kikitangulia, vyote hupata biti 12 na hakuna kinachokatwa. Kosa lipo, lakini limelala. Namba hasi zina mtego wake. Hasi 3 katika biti 4 ni 1101. Ikipanuliwa hadi biti 8 kwa kuongezewa sifuri mbele, inakuwa 13; ilipaswa kuongezewa moja, iwe 11111101. Na pale saketi yenyewe inapochagua kisanduku wakati inafanya kazi, waya zote hukutana kwenye mlango mmoja, ambao sharti uwe mpana kama kisanduku kikubwa kuliko vyote. Basi kila kisanduku kichaguliwe, si cha kwanza tu.

Mjaribuji hana budi pia kuijua sheria ya lugha. Chisel hukataa 256 iandikwe katika biti 8. Verilog, lugha nyingine mashuhuri, huruhusu namba pana ikatwe inapowekwa mahali pembamba. Mimi naona afadhali kompaila inayogombana na mwenyewe kuliko ile inayonyamaza.

Hasara ya visanduku vichache tunaijua. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Lynchburg College, Virginia, aligundua kuwa chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea kugawanya baadhi ya namba. Kosa hilo halikutokana na kompaila. Ndani ya chipu mlikuwa na jedwali lenye visanduku 1,066 vilivyopaswa kujazwa, na vitano vilikuwa na sifuri badala ya 2. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu ni 1.33382; chipu ile ilitoa 1.33374. Intel ilitenga dola milioni 475 kukabiliana na gharama za kadhia hiyo.

Hapa London, watafiti wa Imperial College walieleza mwaka 2020 programu yao inayoitwa Verismith. Hiyo hujitungia saketi za ovyoovyo, huzipitisha katika vifaa vya aina ya kompaila, kisha hulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Walipata makosa 11. Tofauti ikionekana, programu huipunguza saketi ile mpaka ibaki mistari michache yenye kosa lenyewe, na mistari hiyo ndiyo anayopelekewa mtungaji.