Kaseti za Kwaya Yetu



Mashine niliyoinunua kuukuu ni Portastudio 144 ya TEAC, iliyotoka mwaka 1979. Hurekodi sauti katika njia nne mbalimbali kwenye kaseti ya kawaida, kwa mwendo maradufu. Kwaya yetu ilirekodiwa kwa mashine ya namna hiyo. Ndiyo maana kwenye redio kaseti nyimbo zinakokota, na ukiigeuza kaseti zinaimbwa kinyumenyume. Hazijaharibika hata kidogo!

Mikanda ya mpira ilikuwa imeyeyuka kama lami, nimetia mingine. Vichwa nimevisafisha kwa spiriti. Sasa naweza kuwasikiliza waimbaji wa besi peke yao, wawili wao marehemu.

Kaseti mbili hazijaonekana. Aliye nazo asizitupe, aniletee.