Mwenye Memori Kadi: Onyesho la Pamoja la Ngoma, Picha na Sauti
Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya sanaa, Kata ya Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda



Nimeombwa kufafanua onyesho la medianuwai, na mada zake mbili: safari na mali ya wote. Onyesho hilo ni ngoma, masimulizi, video na sauti zilizorekodiwa, vikipandishwa jukwaani pamoja na kutungwa na kundi zima. Hapo hatutagombana. Safari nayo haihitaji mhadhara mbele ya watu wa Mpanda. Misafara ya kwenda Karema ilipita nchi hizi, reli ya Kaliua ikafika 1950 kufuata madini ya risasi, na baada ya mauaji ya Burundi ya 1972 tukapata majirani wa Katumba na Mishamo. Wasukuma wakaja na ng'ombe na ngoma zao. Wote waliwakuta Wakonongo, Wabende na Wapimbwe.

Mfano wa karibu wa onyesho la namna hii ni Nile Project, iliyoanzishwa 2011 na Mina Girgis na Meklit Hadero. Wanamuziki wa nchi za bonde la Nile walikutana Aswan mwaka 2013 wakatunga pamoja juu ya maji yasiyo ya nchi moja. Maji ya Katuma yetu huishia Ziwa Rukwa, lakini hoja ni ileile.

Mali ya wote ni nini? Wazee wanaujua mkwaju wa mzimu Katabi, kule Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hauna hati wala mwenyewe, na watu huacha sadaka chini yake. Hata hivyo, hakuna anayethubutu kuupitishia shoka. Mali ya wote ina masharti yake.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja. Mratibu wa semina analijua, atanivumilia.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja wageni na kamera mbili na kinasa sauti. Watu wema kabisa. Kikundi kilicheza tangu saa tisa hadi jua likazama. Karatasi pekee iliyotiwa saini siku hiyo ilikuwa ya posho: jina, kiasi, sahihi, na kwa wazee dole gumba. Baadaye nilipouliza idhini ya kurekodi iko wapi, nikaonyeshwa karatasi ileile ya posho. Nakala tuliahidiwa kwa mdomo. Manju aliyeongoza siku ile amefariki, na watoto wake hawana sauti ya baba yao. Nimeandika barua hadi faili limenenepa. Sitaji jina la mtu, hapa si mahali pake.

Tusidhani jambo hili ni letu peke yetu. Mwaka ule ule treni ilipofika kwetu, 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na Kenya akirekodi nyimbo. Huko Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kikipsigis walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Sauti zao zikahifadhiwa Afrika Kusini. Wakipsigis walirudishiwa nakala 2014, yaani miaka 64 baadaye. Tracey angalau aliandika mahali na mwaka, na ndiyo maana ziliweza kurudi. Zetu ziko kwenye memori kadi zisizoandikwa kitu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda mtumbuizaji na ina sehemu ya sanaa za jadi. Ni sheria nzuri, na ninachagua maneno kwa sababu mgeni rasmi ni mkubwa wangu wa kazi. Ugumu ni kwamba ukisema sanaa ya jadi utaulizwa: jadi ya nani? Onyesho tunalolipanga lina ngoma za Warundi, manju Msukuma, maneno ya Kikonongo na picha za kijana wa hapa hapa mwenye simu. Ni la jamii gani? Tukinyamaza, jibu litakuwa: la mwenye memori kadi.

Napendekeza basi karatasi ya idhini iwe mbali na ya posho, iandikwe Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti mkutanoni kabla ngoma haijawambwa. Kikundi kiwe na haki ya kukataa na bado kilipwe nauli. Kila rekodi iandikwe mahali, tarehe, waimbaji na wapigaji, kwa majina wanayoyataka wenyewe. Mahali pa kubaki nakala pajulikane; mimi ningesema shuleni na ofisi ya kata, pote pawili, maana kompyuta za ofisi zina ajali zake. Kiongozi wa kikundi asitie saini peke yake kwa niaba ya wote. Tumeona hilo lilivyovunja vikundi. Wimbo ukiuzwa, mgawanyo uwe umeandikwa mapema. Narudia, karatasi ya idhini iwe mbali na ya posho. Wageni waache nakala kabla hawajapanda treni, si baada ya kufika kwao. Mambo ya msikitini, kanisani au ya mizimu yasirekodiwe bila wenye nayo kuwapo. Na ofisi ya utamaduni iwe na daftari la rekodi zote zilizotoka kata hii, hata zile za zamani ambazo tunakumbuka tu.

Nimeangalia bajeti tuliyogawiwa asubuhi. Projekta, jenereta, mafuta na spika vina mistari yake. Diski ya kuhifadhia nakala haimo. Naomba iongezwe kabla ya chakula cha mchana, mhasibu akiwa bado yupo.